Wadandiaji

Mwaka 2000 Eytan Adar na Bernardo Huberman walichapisha katika jarida la First Monday makala kuhusu Gnutella, mtandao ambamo watu walipeana nyimbo na mafaili mengine kompyuta kwa kompyuta, bila duka katikati. Karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakutoa faili hata moja. Karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa asilimia 1 tu ya watoaji. Wasiotoa walikuwa wanadandia. Hesabu yao siibishii. Ninachobishia ni namna wanavyomtambua mtoaji.

Bibi yangu nilimrekodi kwa simu akiongoza wimbo wa Kizigua ngomani, Handeni. Palepale watu kumi na kitu wakaichukua video kwa Xender, ambayo haili bando. Baadaye nikaifuta ili nipate nafasi ya filamu alizotafsiri Lufufu. Nilijua wengine wanayo. Bibi akafariki, nikaanza kuulizia. Kila niliyemfuata alikuwa ameifuta, naye akijua wengine wanayo.

Niliikuta stendi ya Korogwe, kwa kijana wa bodaboda ambaye kwa hesabu ya akina Adar ni mdandiaji kamili. Hupokea, hatoi. Aliwahi kurushiwa faili lenye jina la wimbo, kumbe virusi. Siku nyingine aliyempa simu arushe wimbo alipekua picha zake. Tangu hapo Xender haiwashi kwa mgeni. Lakini hakufuta.

"Bibi anaimba vile, nimfute?"

Makala ile huhesabu kilichoachwa wazi kwa wote. Kutunza hakumo, wala hofu ya kumfungulia usiyemjua. BitTorrent ya Bram Cohen, iliyotoka 2001, iliukabili udandiaji kwa nipe nikupe: asiyepakia hupunguziwa kasi. Ni dawa nzuri kwa wasiojuana, na inafanya kazi. Ila kwa kipimo hicho mimi niliyefuta ndiye mtoaji wa kupigiwa mfano, na kijana yule ndiye wa kucheleweshwa.

Kabla ya kunirushia aliniuliza bibi alikuwa wa kijiji gani, mtoto wa nani. Nikamjibu. Akanitazama kidogo, ndipo akawasha.

Sekunde za mwisho hazimo. Katikati ya wimbo mwenye kibanda fulani cha kujaza nyimbo amepachika sauti yake, anatangaza bei.