Mzigo Kabla ya Bunduki: Safari ya Roosevelt ya 1909 Ilivyopangwa

Theodore Roosevelt alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, wiki saba tu baada ya kuondoka madarakani Marekani. Alikuwa na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa na Taasisi ya Smithsonian: Edgar Mearns, Edmund Heller na J. Alden Loring. Machi 1910 msafara ulifika Khartoum, ukiwa umepitia nyika za Kenya ya leo, Uganda na eneo la Lado kando ya Nile. Kwa hesabu aliyoichapisha mwenyewe, yeye na Kermit waliua wanyama 512, na ukijumlisha ndege, panya, nyoka na samaki, wanyama waliokusanywa walizidi 11,000. Simulizi za safari hiyo hupenda kukaa kwenye bunduki na simba. Lakini bunduki nzuri na shabaha nzuri walikuwa nazo wawindaji wengi wa enzi hiyo, na baadhi yao walirudi na ngozi zilizooza au na wapagazi waliokonda kwa njaa. Kilichoitofautisha safari hii ni namna uchukuzi wake ulivyokodiwa na kupangwa, na hapo ndipo anayetaka kuelewa uwindaji wa mbali na barabara anapopaswa kuanzia.

Roosevelt hakujikusanyia watu wala vifaa mwenyewe. Kwa ushauri wa wawindaji wakongwe wa Uingereza, akiwemo Frederick Selous, kazi ilikabidhiwa kampuni ya Newland, Tarlton ya Nairobi. Kampuni hiyo ilikuwa ya Waaustralia waliojifunza biashara ya misafara wakati Nairobi ingali mji wa mabati. Uongozi wa safari alipewa R. J. Cuninghame, mwindaji aliyeijua nchi, na Leslie Tarlton mwenyewe akafuatana nao katika sehemu kubwa ya mwendo wa Kenya. Chini yao walikuwako wapagazi wapatao 200, wanyapara wa kuwasimamia, askari wa kulinda kambi, wabeba bunduki, watumishi wa mahema, wapishi na masaisi wa farasi. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Mbeba bunduki hakutwishwa mzigo wa kambi, askari hakutumwa kuchuna ngozi, na Heller, aliyeshughulikia ngozi za wanyama wakubwa, hakuhangaika na posho ya chakula. Faida ya mpango huo ni kwamba kosa lilipotokea lilijulikana ni la nani, na likarekebishwa kabla halijaivuruga safari nzima.

Ugumu halisi wa kazi hiyo unaonekana mtu akikaa chini kupiga hesabu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani takriban kilo 27. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha unga au mchele, kama ratili moja na nusu. Kwa hiyo mzigo mmoja wa posho humlisha mtu mmoja siku 40. Wapagazi 200 hula ratili 300 kwa siku, ambazo ni mizigo mitano. Safari ya siku 20 mahali pasipo soko itahitaji mizigo 100 ya chakula cha wapagazi peke yao, na hivyo nusu ya msafara itakuwa inabeba chakula cha msafara wenyewe. Ukiongeza watu ili upate nafasi ya mizigo, umeongeza vinywa pia. Nyama ya wanyama waliowindwa ilisaidia, lakini haikuweza kutegemewa kama posho: kuna siku mawindo hayapatikani, na wapagazi Waislamu hawakula mnyama asiyechinjwa.

Mzigo wa kurudi ulikuwa mgumu kuliko wa kwenda. Safari hii, iliyokusanya vielelezo vya makumbusho ya Smithsonian, ilitaka ngozi nzima, mafuvu na mifupa ya tembo, vifaru na viboko, na ngozi mbichi kwenye joto la nyika huanza kuharibika mapema mno. Ndiyo sababu msafara ulichukua tani nne za chumvi laini ya kuhifadhia ngozi. Kwa kipimo cha ratili 60 hiyo ni zaidi ya mizigo 130, karibu theluthi mbili ya wapagazi wote. Ni wazi kwamba chumvi hiyo isingeweza kutembezwa yote kwa mabega kwa miezi kadhaa, posho nayo ikiwa inadai mabega yake.

Jawabu lilikuwa reli ya Uganda, iliyokuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ukiichora safari ya Kenya kwenye ramani utaona kwamba ilipangwa kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza ulianzia stesheni ya Kapiti na kuzunguka nyanda za Athi. Wa pili uliondoka Kijabe mwezi Juni kuelekea Sotik na ukaishia Naivasha. Wa tatu ulitoka Naivasha, ukavuka milima ya Aberdare hadi Nyeri, Meru na Guaso Nyiro. Wa nne, mwezi Novemba, ulianzia Londiani kwenda Uasin Gishu. Mwanzo wa kila mzunguko ulikuwa mahali ambapo treni ilishusha posho na chumvi, na mwishoni ngozi zingeweza kupakiwa kwenda Mombasa na kusafirishwa kwa meli hadi Marekani. Treni ndiyo iliyobeba uzito mkubwa, na mabega ya watu yakabeba kipande ambacho treni haikuweza kukifikia. Palipokosekana maji, kama kati ya Kijabe na Sotik, wapagazi hawakuachwa wajitegemee: yaliongezwa magari ya kukokotwa na maksai ili maji yao yabebwe. Walipoingia Uganda waliajiriwa wapagazi wa huko, na baada ya Gondokoro safari iliendelea kwa meli juu ya Nile. Kila hatua ilipewa chombo kilichoifaa.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya yote yaliwezekana kwa fedha. Ni kweli kwamba fedha zilikuwa nyingi: Andrew Carnegie alichangia gharama, na jarida la Scribner's lilimlipa Roosevelt dola 50,000 kwa makala zake. Lakini fedha haziongezi ukubwa wa bega la mtu wala hazipunguzi kibaba. Mwindaji mwenye wapagazi 30 alikabiliwa na uwiano uleule wa mzigo mmoja wa posho kwa mtu mmoja kwa siku 40. Tajiri asiyepanga angeshindwa kwa njia ileile, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kilichonunuliwa na fedha hizo kikaleta matunda ni ujuzi wa kampuni moja iliyobeba dhamana ya hesabu yote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuusifu mpango huu ni kama kuyasahau mabega yaliyoubeba, tena chini ya ukoloni, kwa ujira mdogo. Sikubali kwamba jibu ni kunyamaza juu ya uchukuzi. Hesabu ya mizigo ndiyo inayowarudisha wapagazi katikati ya historia, mahali panapowastahili. Tena historia yetu ina ushahidi mchungu wa kulinganisha. Miaka michache baadaye, katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza liliwatwika wapagazi wa Afrika Mashariki mizigo kama hiyo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa na chakula kibaya. Wengi walitoka katika jamii zilezile zilizotoa wapagazi wa safari za uwindaji. Ni kweli vita si uwindaji, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Lakini sababu kubwa ya vifo, posho duni na uuguzi hafifu, ni mambo yanayoamuliwa na anayekodi na kupanga. Kwa hiyo mkataba wa uchukuzi usioonyesha mbebaji atakula nini na atatibiwa na nani ni mkataba mbovu, hata kama nyara zitafika salama.

Wapo pia watakaosema kwamba ndege na magari yameifuta hesabu hii. Tazama Alaska, ambako wawindaji wengi hufikia nyika kwa ndege ndogo. Mnyama mkubwa wa huko aitwaye muusi (moose) hutoa nyama inayoweza kufika kilo 200 na zaidi, na ndege ya viti viwili haiwezi kuitoa kwa mruko mmoja. Sheria ya jimbo hilo inataka nyama iokolewe, wala pembe haziruhusiwi kutangulia nyama. Pia inatenganisha leseni ya msafirishaji na ya kiongozi wa uwindaji: msafirishaji anakupeleka na kukurudisha, lakini haruhusiwi kukuongoza katika kuwinda. Petroli imechukua nafasi ya posho, na uzito wa kuruka umechukua nafasi ya ratili 60, lakini maswali yamebaki yaleyale.

Maswali hayo ndiyo kipimo cha kampuni yoyote ya safari, iwe katika mapori ya akiba ya Selous na Rungwa au kaskazini ya mbali. Uzito wa mzigo wa kwenda ni kiasi gani, na wa kurudi je? Chombo gani kitaubeba katika kila sehemu ya njia, na kikikwama kuna kipi kingine? Nyama itahifadhiwaje tangu mnyama anapoanguka? Wafanyakazi watakula nini, watalala wapi, na mgonjwa atatolewa porini kwa njia gani? Nani mmoja atawajibika kwa yote haya? Kampuni inayoyajibu kwa tarakimu, na kuyaandika ndani ya mkataba, inastahili kusikilizwa inapoanza kuzungumzia wanyama na bunduki. Inayokwepa kuyajibu isipewe kazi, kwa kuwa gharama ya pengo hilo italipwa porini, na watakaoilipa kwanza ni watu wake wa kubeba.