Shamba halipimwi kwa jina lake

Ndugu zangu wa chama, leo niache mbegu kidogo. Mu jimbo la New York, Marekani, iko sheria mbili za kumupatia mutu mukubwa mulezi wa kumuamulia mambo yake.

Ya kwanza, 17-A, ilitoka 1969 juu ya wenye ulemavu wa akili tangu utoto. Wazazi wanaleta karatasi za wataalamu wawili: daktari na musaikolojia, ao madaktari wawili. Wazazi wakikubali, juji anaweza hata kuacha kikao.

Ya pili, Kifungu cha 81, ilianza 1993. Humu tribinali inatuma mutu wake aende kuonana na muhusika, amuelezee haki zake, aangalie anaweza nini na hawezi nini, kisha alete ripoti.

Lawama yangu njo hii: kwa 17-A, mutu anapimwa kwa jina la ugonjwa, siyo kwa maisha yake. Sisi waagronomu tunajua: bila kuchimba na kupima udongo, huwezi kusema shamba halizai.

Watasema 17-A iko rahisi, haina bei kali. Kweli, na wazazi wamechoka. Lakini urahisi wao si kipimo cha mutoto. Mu 2012, juji Kristen Booth Glen alifuta ulezi wa mwanamuke mumoja, kwani akisaidiwa na watu wake wa karibu aliweza kuamua mwenyewe. Jina la ugonjwa haliwezi kuonyesha kitu kama kile.

Mbele ya kumunyanganya mutu sauti, umusikilize kwanza. Munasemaje?