Bibi Salme na Nafasi Zilizobaki Wazi



Kitabu ninachotaka kukizungumza si kipya. Kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na wengi wetu tumekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na kufariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete. Watu hukisoma kama kisa cha binti wa mfalme aliyetoroka. Mimi nakisoma kama kitabu cha ukoo, kwani mwenyewe anasema kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi juu ya asili ya mama yao zaidi ya kuwa ni Mwarabu wa Unguja.

Sisi tulio ng'ambo haja hiyo tunaielewa bila ya kufafanuliwa. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Akabaki na watoto watatu wadogo katika mji ambao hapakuwa na shangazi wala jirani wa kuwaambia, "Nilimjua babu yenu." Ilibidi kalamu ifanye kazi hiyo.

Je, imeifanya? Nianze na pale ilipofaulu.

Nasaba zetu tumezizoea: fulani bin fulani bin fulani. Mimi ni mhandisi, na jambo la kwanza ninaloliona ni hesabu. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Ukifika kizazi cha kumi ni 1,024, na ukiwajumlisha wote tangu wazazi wako unapata nafasi 2,046. Baadhi ya nafasi hushikwa na mtu yule yule, khasa kwetu tunaooana binamu kwa binamu. Hata hivyo, anayejivunia kuwajua baba zake kumi amejaza nafasi kumi tu. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Bibi Salme angeweza kuishia kwa baba, kwani baba huyo alitosha kumpa sifa popote. Lakini anatueleza pia mama yake, Jilfidan, suria wa Kisharkasi. Alikuwa mtoto wa mkulima; vita vikaingia kwao, wazazi wakauawa, yeye na ndugu zake wawili wakatekwa, kila mmoja akapelekwa njia yake. Alifika mikononi mwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, na akafariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Kurasa hizo, kwa maoni yangu, ndizo bora kuliko zote kitabuni. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni huru na anamrithi baba sawa na mtoto wa mke. Lakini ni nasaba ngapi zilizomwandika suria mwenyewe kwa jina, na kutueleza alivyofika?

Sasa upungufu wake. Watumwa waliojaa katika nyumba zile wanapita kitabuni kama kundi, wengi wao bila ya majina, na mwandishi anafikia hadi kuutetea utumwa. Binti wa mwanamke aliyetekwa na kutenganishwa na ndugu zake hakuona kuwa mwanamke aliyetolewa bara naye alikuwa na mama aliyemlilia. Hapa sikubaliani naye hata kidogo, wala udhuru wa zama zake haunitoshi, maana ushahidi alikuwa nao nyumbani.

La pili ni kimya. Sura ya kuondoka kwake Unguja mwaka 1866 ni fupi mno. Kifungua mimba wake, Heinrich, aliyezaliwa Aden Disemba mwaka huo na kufariki mwaka uliofuata, hatajwi. Sababu ya kuficha naielewa, na simhukumu mama aliyefiwa. Ila kitabu kilichokusudiwa kuwaambia watoto asili yao kimemwacha nje kaka yao.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alitoa kitabu chake mwaka 1929. Hicho kinamhusu babu, Said bin Sultan, na nafasi yake katika historia ya Arabuni na Afrika Mashariki. Ni kazi ya maana, lakini angalia njia iliyofuatwa: mama aliandika nyumba, mwana akaandika dola. Ndivyo familia nyingi zifanyavyo. Kizazi kinachofuata huchukua kinachong'ara, na yule bibi Msharkasi hurudi pembeni.

Kwa hiyo nawausia wenzangu wenye wazee waliobaki, iwe Maskati, London au Toronto: msiwaulize majina ya mababu peke yake. Waulizeni bibi mzaa bibi alikuwa nani, nani alinyonyesha, nani alipika, nani alikuja nyumbani si kwa hiari yake, na mtoto gani alikufa mchanga. Majibu mengine yatatuaibisha, na baadhi ya wazee watakataa kusema. Yaandikwe yanayopatikana, na pasipojulikana iachwe nafasi wazi, ili vitukuu na vilembwe wetu waone kwamba palikuwa na mtu.