Swichi ya Ukutani Haina Kosa

Tuseme umenunua balbu janja. Umeifunga sebuleni, umeiunganisha na waifai, sasa unaizima kwa simu ukiwa umejilaza. Raha tupu. Halafu mama anapita, anabonyeza swichi ukutani kama alivyofanya miaka yote, na balbu inatoweka kwenye simu yako. Mimi nilibandika karatasi juu ya swichi: "Usizime hapa." Ilikaa siku mbili, mama akaibandua.

Wakati ule nilimlaumu yeye. Siku hizi namlaumu aliyebuni balbu.

Fuata umeme utaelewa. Ndani ya balbu kuna redio ndogo inayosubiri amri, na inahitaji umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kazi ya swichi ni kukata waya wa moto, ule mafundi wanaouita laivu. Ukikatwa, redio nayo inazimika. Kwa hiyo umeuziwa urahisi kwa sharti kwamba nyumba nzima isiguse swichi tena, wageni na watoto wakiwemo! Na umeme ukikatika ukarudi saa tisa usiku? Balbu nyingi za aina hii, usipobadilisha mpangilio wake, zinawaka zenyewe. Usiniulize nimejuaje.

Haikulazimika kuwa hivi. Angalia kifaa cha Nest cha kurekebisha joto la nyumba, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 2011. Ndani ni kompyuta, nje ni duara la kuzungusha kwa mkono, kama lile la Honeywell la mwaka 1953. Mgeni anazungusha tu, haulizi.

Kwenye taa pia inawezekana, ila akili ikae nyuma ya swichi, siyo ndani ya balbu. Kuna rilei ndogo za kufunga humo. Swichi inabaki ileile, lakini sasa inaipa rilei ishara badala ya kukata umeme yenyewe. Mama akibonyeza, inawaka. Wewe ukituma amri kwa simu, inawaka. Intaneti ikipotea, swichi bado inafanya kazi. Kweli, swichi ikielekea chini haimaanishi tena kwamba taa inawaka, lakini mwenye ngazi yenye swichi mbili amelizoea hilo zamani.

Kikwazo ni nyutro. Nyumba zetu nyingi zimefungwa nyaya kwa mtindo wa Uingereza: kwenye boksi la swichi kuna laivu inayoingia na inayotoka, huku nyutro imeenda moja kwa moja kwenye taa. Rilei nyingi zinaitaka nyutro. Zisizoitaka hupitisha umeme kidogo kwenye balbu, na LED ndogo inaweza kumetameta. Kabla hujanunua, muulize fundi kama laivu na nyutro zinakutana juu, kwenye taa. Zikikutana, rilei inaweza kukaa huko.

Kwa mama zilikutana. Rilei iko darini, naye hajaniuliza chochote.