Mfinyanzi na Gae Lake: Neno juu ya Fasili ya Methali

Methali isemayo "Mfinyanzi hulia gaeni" imekwisha kupewa fasili moja ambayo wanafunzi wetu huikariri kama sharia: fundi huwatengenezea wengine vitu vizuri, naye mwenyewe hukosa. Fasili hiyo si ya uwongo, lakini ni ya mtu aliyesimama nje ya ua wa mfinyanzi.

Tuanze na kitenzi. Hulia chaweza kutokana na kula, kwa mnyambuliko wa kutendea, kama tusemavyo mkono wa kulia au mkungu wa kulia. Tena chaweza kuwa kule kulia kwa machozi. Maneno haya mawili yamepata umbo moja katika Kiswahili kwa kuwa l ya kale imedondoka. Kinyanja, jamaa yetu wa kusini, hakikuyachanganya: kulira ni kutoa machozi, na kudyera ni kulia chakula mahali. Gaeni nayo haituamulii, maana mtu aweza kula katika gae na aweza kutoa machozi penye gae. Nionavyo mimi, maana ya kwanza ni kula, kwa ushahidi wa methali nduguye, "Kinyozi hajinyoi". Walakini aliyewahi kufukua majivu ya moto akakuta vyungu vyake vimepasuka hawezi kuisikia methali hii pasipo kusikia kilio ndani yake, na mwalimu akifichaye kilio hicho amewapunja wanafunzi.

Sasa gae lenyewe. Ufinyanzi wa asili wa pwani yetu ni kazi ya mkono, pasipo gurudumu, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Binti huipokea kwa mama au bibi. Udongo hulowekwa, hukandwa, hutiwa mchanga. Chombo hukaushwa polepole, kisha huchomwa mahali pa wazi. Maji yakisalia ukutani mwa chombo hugeuka mvuke, na mvuke hukipasua. Kilicho kizima huenda sokoni, chenye ufa hubaki nyumbani. Basi kula gaeni ni hesabu ya nyumba yenye kazi, wala si uzembe wa fundi. Tena ni darasa: binti alaye katika gae huutazama ufa kila siku, akajifunza kupambanua ufa wa udongo usiokandika na ufa wa moto uliofanyiwa haraka. Katika sehemu nyingi za Afrika gae husagwa likatiwa katika udongo mpya ili kuutia nguvu. Katika fasili ya "kukosa", mambo haya yote hayana pa kukaa.

(Wanaakiolojia nao hulia gaeni, tena hushiba. Mabishano juu ya asili ya miji ya Waswahili yametegemea sana vigae, vikiwamo vya Unguja Ukuu, vya aina ile ambayo Felix Chami, katika kitabu chake cha 1994, aliiita kwa pembetatu zilizochorwa juu yake.)

Nimependa kuipima methali hii Bwejuu, kwa sababu kule si nchi ya udongo. Upande ule wa mashariki ya Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe, na chungu ni kitu cha kununuliwa. Kazi ya kurithishana ya wanawake ni kamba: makumbi hufukiwa pwani miezi mingi, hufukuliwa, hupondwa, na usumba husokotwa, ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kimevuta mikono mingi. Mtoto wa leo huona sufuria jikoni, na kigae akijuacho ni kile kitandikwacho sakafuni mwa hoteli. Akiambiwa mfinyanzi hulia gaeni, ana haki ya kudhani kwamba maskini yule ameketi sakafuni analia. Mtihani utampa sifuri, nami ningempa nusu ya alama.

Lakini mtoto huyo ana jambo la kumfunza mwalimu wake. Kamba iliyosokotwa vibaya hufumuliwa ikasokotwa upya, na mama yake hufanya hivyo mbele ya macho yake. Chungu kikisha kuchomwa hakirudi kuwa udongo; hata gae likisagwa huwa unga wa kuchanganyia tu. Msokota kamba habakiwi na gae, na ndiyo maana methali hii isingeweza kuzaliwa Bwejuu.