Kupima, Kujaribu na Kutegemeka: Istilahi za Vifaa vya Wapanda Miamba

Neno "kupima" limebebeshwa mzigo unaolishinda, na udhaifu huo hudhihirika zaidi pale tafsiri zetu zinapogusa vyombo vya usalama. Tuchukue vifaa vya wapanda miamba: kamba, karabina (yaani pete ya chuma au alumini yenye mlango wa springi), na kabari zinazopachikwa katika nyufa za mwamba ili anayeteleza asifike chini. Mfasiri huandika: "Karabina hii imepimwa kilonyutoni 20." Mwongozaji wa Mlima Kenya, ambako vilele vya Batian na Nelion hupandwa kwa kamba, ataelewa kwamba pete iliyo mkononi mwake ilivutwa kwa kani hiyo ikastahimili. Kwa kawaida sivyo. Zilizovutwa zilivutwa hadi zikakatika. Iliyo mkononi mwake ni ndugu yao tu.

Kupima ni kupata idadi pasipo kukiharibu kitu, kama tupimavyo kimo cha mtoto au urefu wa kitambaa. Kujaribu kwa kuvunja ni tendo jingine kabisa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, liliweka kanuni ya kamba mwaka 1960. Katika jaribio lake kamba itumiwayo peke yake huangushiwa chuma cha kilo 80 tena na tena, nayo haina budi kustahimili angalau maanguko 5. Kamba iliyofaulu hivyo haiuzwi tena.

"Nguvu" nayo imetuchosha. Kilonyutoni ni kizio cha kani, na 1 hulingana na uzito wa kilo 102 hivi. Tena kiwango cha chini cha 20 ni kwa karabina ya kawaida inayovutwa kwa urefu, mlango ukiwa umefungwa. Ikivutwa kwa upana, au mlango ukiwa wazi, kiwango hushuka hadi 7. Aandikaye "nguvu ya karabina ni 20" ametoa theluthi moja ya habari, nayo ndiyo ile ya kufurahisha.

Lakini kosa zito ni kuita kutegemeka "uimara", au, vibaya zaidi, "uaminifu". (Karabina haisemi kweli wala uongo.) Tuseme pete tatu za fungu moja zimekatika kwa kilonyutoni 24, 25 na 26, na za fungu la pili kwa 15, 25 na 35. Wastani ni uleule, 25. Nani atalitundikia maisha yake fungu la pili? Ndiyo maana wapo watengenezaji wanaotoa katika wastani mara tatu ya mchepuko sanifu kabla ya kugonga tarakimu kwenye chuma. Uimara hujibu "kiasi gani?", kutegemeka hujibu "mara ngapi katika mara ngapi?"

Kwa kabari jambo ni gumu zaidi. Maabara huivuta baina ya taya za chuma. Katika mwamba uliooza huchomoka nzima, bila kuvunjika. Hapo kutegemeka ni kwa ufa na mkono ulioipachika, wala hakuna tarakimu iliyogongwa juu yake inayokueleza.

Twapendekeza maelezo ya karabina yasomeke hivi: "Karabina za aina hii, zikivutwa kwa urefu mlango ukiwa umefungwa, hazitazamiwi kukatika chini ya kilonyutoni 20." Ni sentensi ndefu, na wachapaji watanung'unika.