Uzuri Uliofichwa Katika Nguo ya Kijapani

Mtu atazamapo nguo ya Kijapani iitwayo kimono, huanza kwa kusifu maua yake na rangi zake. Hatumlaumu, maana jicho hupenda lililo wazi. Lakini twaona ya kuwa sifa ya namna hiyo ni nusu tu ya haki ya fundi.

Tutazame kwanza ushonaji. Kimono hukatwa katika jora moja la kitambaa, urefu wake kama mita 12, na upana wake kama sentimita 37. Fundi hukata vipande vilivyonyoka, wala hatupi kitu. Penye ziada huikunja ndani ya mshono. Kwa hiyo nguo ikichafuka huweza kufumuliwa, ikafuliwa vipande vipande, kisha ikashonwa tena, hata kwa kipimo cha mwili mwingine. Nguo za fahari ni nyingi duniani, lakini ni chache zilizokatwa kwa kumfikiria mvaaji wa pili.

Hata kamba nyembamba ifungwayo juu ya mshipi yastahili kuangaliwa. Husukwa kwa nyuzi za hariri, nayo ndiyo ishikayo fundo la mshipi. Ikisukwa vibaya hulegea, na pambo lote huharibika. Basi uzuri wake ni kushika.

Kisha twaja kwenye hariri ya kisiwa cha Amami Oshima. Huko nyuzi hufungwa kwanza mahali pasipotakiwa rangi, hutiwa katika maji ya mti uliochemshwa, kisha katika tope lenye chuma, tena na tena, hata ziwe nyeusi kabisa. Mfumaji naye, kila afumapo kama sentimita 7, husimama akasawazisha nyuzi kwa sindano, ili alama ndogo zikutane. Kazi ya jora moja huchukua miezi mingi.

Hata hivyo desturi ya Wajapani huihesabu hariri hiyo kuwa nguo ya matembezi. Hata iwe na bei kubwa namna gani, haivaliwi katika arusi ya heshima. Huko hutakiwa hariri iliyofumwa nyeupe kisha ikapakwa rangi, kama ile ya Kyoto iitwayo yuzen. Je, desturi imemdhulumu mfumaji? Zamani tungalisema ndiyo. Sasa twaona vingine. Nguo ya arusi husema na wageni wote kwa mara moja, kwa hiyo maua yake lazima yaonekane kutoka mbali. Hariri ya Oshima husema na yule aliye karibu tu. Kila moja ina mahali pake. Bali tusidhani ya kuwa isemayo kwa sauti ndogo ina maneno machache.

Neno hili si dogo. Siku hizi mashine huchapa maua mazuri upesi na kwa bei nafuu, na mafundi wa mkono wengi ni wazee wasio na warithi wa kutosha. Kama twasifu maua peke yake, mashine imekwisha shinda. Basi msomaji akibahatika kuishika nguo hiyo, na aupindue upindo, autazame upande wa ndani kabla ya kutoa hukumu.